Ushahidi wa Silinda ya Pili

Injini ya pikipiki iliyochakaa kazini na injini iliyotoka kufufuliwa mezani kwa fundi huweza kuonyesha dalili zile zile, moshi wa rangi moja, ugumu ule ule wa kuwaka asubuhi, mgongano ule ule wa chuma na chuma, ilhali asili ya ila ya moja ni mbali kabisa na asili ya ila ya nyingine. Na kwa kuwa watu wengi huzitendea zote kwa njia moja, wapenzi wa pikipiki za kale hupoteza fedha nyingi na miezi mingi wakitafuta maradhi mahali yasipo. Injini iliyochakaa ina historia. Jana ilikwenda, leo haiendi, na baina ya jana na leo kimebadilika kitu, aghalabu kimoja tu, basi kazi ya mchunguzi ni kuuliza ni kipi. Injini iliyofufuliwa haina jana. Silinda zimechongwa, pistoni na ringi ni mpya, valvu zimesagwa upya katika viti vyake, beringi zimetolewa na nyingine kutiwa, nyaya za umeme zimepitishwa upya, kabureta zimefunguliwa na kuoshwa, na yote hayo yamefanywa kabla ya injini kuwaka hata mara moja; kwa hiyo swali la nini kilichobadilika lina jibu moja lisilo na faida, nalo ni kwamba kila kitu kimebadilika.

Mafundi hufundishwa mapema kwamba injini ya petroli yataka mambo matatu: mchanganyiko wa petroli na hewa kwa kadiri yake, cheche kwa wakati wake, na mgandamizo wa kutosha. Kauli hiyo ni sahihi wala siipingi, lakini haimwambii mtu aanzie wapi, na haimwambii ni ushahidi upi wa kuaminiwa na upi wa kutiliwa shaka. Kwa rai yangu jambo kubwa katika kuchunguza injini iliyofufuliwa si wingi wa maarifa juu ya sehemu zake, kwani maarifa hayo yamo katika vitabu vya kiwanda kwa mwenye kutaka kusoma, bali ni kujua kuhifadhi ushahidi. Maana kila nati inayolegezwa kabla ya kipimo kuchukuliwa huondoa habari ambayo haitapatikana tena, na mtu aliyefungua injini kwa pupa ili aone ndani mara nyingi huona vyuma safi vilivyonyamaza, asijue ni kipi kilichokuwa kikilalamika.

Ili maneno haya yasiwe ya juujuu nachukua injini moja mahsusi, ya Triumph Bonneville, iliyojulikana kiwandani kwa alama ya T120, ambayo ilianza kuuzwa kwa msimu wa 1959 na ikaendelea kuundwa kwa miaka mingi katika kiwanda cha Meriden, karibu na mji wa Coventry nchini Uingereza. Nasaba yake yatoka katika pikipiki ya Speed Twin iliyobuniwa na Edward Turner, iliyotangazwa mwaka 1937, na umbo la asili halikugeuka sana: silinda mbili zimesimama ubavu kwa ubavu, kipenyo cha kila moja ni milimita 71 na mwendo wa pistoni milimita 82, jumla sentimita za ujazo 649. Mwaka 1963 injini na sanduku la gia viliunganishwa kuwa mwili mmoja, na injini hiyo ya mwili mmoja ndiyo ninayoisema hapa. Pistoni zake hupanda pamoja na kushuka pamoja, lakini haziwaki pamoja. Katika mzunguko mmoja wa krenki hupata moto silinda ya kulia, katika mzunguko unaofuata ya kushoto. Kiwanda cha Meriden kilifungwa mwaka 1983, baada ya miaka yake ya mwisho ya kuendeshwa na ushirika wa wafanyakazi wenyewe, walakini pikipiki zilizotoka humo zingali nyingi, na vipuri vyake vingali vikitengenezwa na watu wengine, jambo ambalo ni neema na ni mtihani pia.

Lililonivuta kuichagua injini hii ni kwamba, katika sura yake ya kabureta mbili, imempa mchunguzi shahidi. Silinda ya kulia ina kabureta yake, koili yake, plagi yake, kondensa yake, na pointi zake, yaani vile vidomo viwili vya chuma vinavyokutana na kuachana ili kukata umeme wa koili. Na silinda ya kushoto kadhalika ina vya kwake. Zinashirikiana betri, swichi, tangi la petroli, pampu ya oili na kile kifaa chenye uzani na springi kinachowahisha cheche kadiri mwendo unavyozidi. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa, kabla ya bisibisi kushikwa, ni kama ila iko upande mmoja au pande zote mbili, na jibu lake halina gharama: injini iwashwe ikiwa baridi, iachwe kwa dakika moja, kisha mabomba mawili ya eksozi yadondoshewe maji tone moja moja. Bomba ambalo tone lake linakauka mara moja ni la silinda inayofanya kazi, na lile ambalo tone linatelemka taratibu hadi chini ni la silinda iliyolala. Ikiwa pande zote mbili zina ila moja, basi hakuna haja ya kuhangaika na vitu vya upande mmoja, na mchunguzi aelekee kwenye vile vinavyoshirikiwa. Tundu dogo la hewa katika kifuniko cha tangi likiziba, mathalan, injini itakwenda vizuri kwa mwendo wa dakika kumi kisha itafifia na kuzimika, na baada ya kupumzika kidogo itawaka kana kwamba haikuwa na neno.

Ikiwa upande mmoja tu ndio wenye ila, shahidi aitwe. Plagi za pande mbili zibadilishane mahali, na injini ijaribiwe. Ikiwa ila imehama pamoja na plagi, plagi ndiyo yenye hatia. Ikiwa imebaki pale pale, zibadilishane waya za plagi, kisha waya za koili, kisha, ikiwa umeme umetakasika, kabureta zenyewe au viungo vyake. Na kila badiliko lifanywe peke yake, na matokeo yaandikwe, kwa sababu mtu abadilishaye vitu viwili kwa mara moja hawezi tena kusema ni kipi kilichotenda. Njia hii yaonekana nyepesi mno, na labda ndiyo maana hupuuzwa na watu waliokwisha kutumia fedha nyingi, lakini nguvu yake ni kubwa kuliko ya vipimo vya ghali, kwa kuwa haimtaki mchunguzi ajue injini nzima inapaswa kuwaje. Yamtaka ajue tu kwamba nusu moja inakwenda na nusu ya pili haiendi. Fundi wa pikipiki ya silinda moja, kama zile za abiria zilizojaa katika miji yetu, hana shahidi huyu ndani ya injini, na ndiyo sababu ya desturi njema ya vijiweni ya kuazima koili au plagi ya pikipiki ya jirani inayojulikana kuwa nzima, kuifunga kwa muda, na kuirudisha.

Katika mabadilishano hayo hujitokeza jambo ambalo wamiliki wengi hulikubali kwa shida, nalo ni kwamba upya si dhamana. Kipuri kilichotolewa sandukuni leo hakijapata kuthibitishwa na kazi, na kipuri cha zamani kilichofanya kazi miaka 40 kina shahada ambayo kipya hakina. Kondensa ndizo mfano mbaya kupita yote: zatengenezwa nyingi, zafanana kwa sura, na baadhi yake huanza kuvuja umeme zikipata joto, ndipo pikipiki ikawa yawaka vema asubuhi na kukataa kuwaka mara ya pili baada ya mwendo, huku pointi zikitoa cheche nyeupe ya kuonekana kwa macho na nyuso zake zikiungua. Anayeona hivyo na kusema kwamba kondensa haiwezi kuwa mbovu kwa kuwa ni mpya, amejifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Namna ya kufa kwa injini nayo yasema mengi. Umeme ukikatika, injini hukatika ghafla, kisha huenda ikarudi ghafla. Petroli ikipungua, injini hufifia, huvuta kwa taabu, hukohoa katika kabureta, ndipo huzimika. Kanuni hii ina nafasi zake za kukosea, hasa betri inapokuwa dhaifu, kwani hapo umeme nao hufifia. Walakini kwa mtu aliye barabarani, pasipo chombo cha kupimia, sijaona mwongozo ulio karibu na ukweli kuliko huo. Pia kuna jambo la betri yenyewe: pikipiki hizi, zilizopata umeme wa volti 12 kuanzia modeli za 1966, ziliundwa upande wa chanya ukiungwa na fremu, kinyume cha magari na pikipiki za leo, na mtu akiunga betri kwa mazoea ya leo huweza kuua kifaa cha kugeuza umeme wa altaneta na diodi ya Zener kabla injini haijazunguka.

Taimingi ya cheche yastahili kukawiwa kidogo, kwa maana humo ndimo makosa mengi ya ufufuzi yanamojificha. Cheche ikitimia kuwahi kwake, katika modeli za mwisho wa miaka ya 1960, hutokea digrii 38 kabla ya pistoni kufika kilele, na pengo la pointi huwa elfu 15 za inchi, takriban milimita 0.38. Hadi modeli za 1967 sahani iliyobeba pointi ilikuwa na upungufu wa asili: fundi aliweza kupata taimingi kamili ya silinda moja, lakini ya silinda ya pili ilibidi aitafute kwa kuongeza au kupunguza pengo la pointi zake, hivyo akipata hiki hupoteza kile. Kuanzia modeli za 1968 Lucas, waundaji wa vifaa hivi vya umeme, walileta sahani ambayo kila upande waweza kusogezwa peke yake. Mtu mwenye sahani ya zamani, anayeona silinda moja ina joto kuliko mwenzake na plagi yake imekuwa nyeupe, asikimbilie kabureta kabla ya kuhakikisha kwamba moto wa upande huo hauwahi kupita kiasi.

Taa ya taimingi hutoa habari kamili, kwa sharti kwamba alama inayomulikwa ni ya kweli. Rota ya altaneta, ambayo alama hiyo imechorwa juu yake, imefungwa juu ya kitovu cha chuma. Na rota ya zamani huweza kulegea katika kitovu hicho, ikahama kwa digrii chache, na kuanzia hapo taa humulika uongo kwa uaminifu. Rota hiyo hiyo iliyolegea hugonga, na mlio wake wafanana sana na mlio wa beringi iliyokwisha, hata ziko injini zilizofunguliwa hadi krenki kwa ajili ya kelele ambayo ingaliondoka kwa kutoa kifuniko cha upande wa klachi. Kabla ya kuamini taa, basi, pistoni iletwe kilele kwa kipimo kinachoingia tundu la plagi, na alama ya rota ilinganishwe nayo. Uzani na springi za kifaa cha kuwahisha cheche navyo vitazamwe: uzani uliokwama kwa kutu huiacha cheche ikiwa imewahi daima, na kiki ya injini hurudi mguuni kwa nguvu ya kuumiza, springi zilizolegea huifanya injini isitulie katika mzunguko wa chini, na kosa hilo husingiziwa kabureta.

Kabureta za Amal, zile zilizoanza kufungwa kuanzia 1967, zina sifa ya kugawanya kazi yake kwa daraja: mkono wa mafuta ukiwa umefunguliwa kidogo kabisa hutawala njia ndogo ya petroli, ukizidi kidogo hutawala mkato wa slaidi, katikati hutawala sindano, na kuanzia robo tatu hadi mwisho hutawala jeti kuu. Kwa hiyo mwendeshaji aliyebandika kipande cha karatasi juu ya mkono wa mafuta na kutia alama za robo, nusu na robo tatu, atakuja na habari kamili kuliko yule asemaye tu kwamba pikipiki haivuti. Iko njia moja humo, ya petroli ya mzunguko wa chini, ambayo tundu lake halifiki nusu milimita; taka za petroli ya zamani zikikauka humo, sabuni na hewa ya kawaida hazizitoi, na pikipiki hukataa kutulia hata ikirekebishwa skrubu siku nzima. La pili ni uso ambao kabureta hukutana na kichwa cha silinda. Fundi aliyekaza nati mbili za pembeni kwa nguvu huupinda uso huo, katikati pakabaki mwanya, na hewa isiyotakiwa huingia. Injini hupandisha mzunguko wenyewe, huchemka, na plagi huwa nyeupe. Rula iliyonyoka ikiwekwa juu ya uso huo hudhihirisha kosa mara moja.

Kuhusu mgandamizo, geji yenye kupima nguvu ya kubana ni kitu chema, ikipimwa huku mkono wa mafuta umefunguliwa wote, lakini katika injini ambayo ringi zake hazijakaa bado nambari yake haina maana kubwa peke yake. Lenye maana ni tofauti ya silinda moja na ya pili. Chombo chenye faida zaidi ni hewa ya kompresa. Pistoni ya silinda inayochunguzwa iletwe kilele valvu zote mbili zikiwa zimefungwa, krenki izuiwe isizunguke, hewa iingizwe kwa tundu la plagi, kisha mtu asikilize: hewa ikisikika katika kabureta, valvu ya kuingiza haifungi, ikisikika katika eksozi, ni ya kutolea, ikisikika katika kipumulio cha oili, yapita kwenye ringi. Dakika tano za kusikiliza hivyo huweza kuokoa kazi ya wiki. Hata hivyo, kabla ya hayo tapeti zipimwe injini ikiwa baridi: elfu mbili za inchi kwa valvu ya kuingiza, elfu nne kwa ya kutolea, yaani milimita 0.05 na 0.10. Mapengo haya ni madogo sana, na kichwa kipya kilichofungwa na gasketi mpya hujikaza baada ya kupata joto la kwanza, mapengo yakapungua yenyewe, hata valvu ikawa haifungi kabisa. Ndiyo maana boliti za kichwa na tapeti hurudiwa baada ya mwendo wa kwanza, na ndiyo maana injini iliyowaka vizuri Jumamosi huweza kugoma Jumapili.

Taimingi ya valvu ina hila ambayo imewatia mashaka watu wengi wasio na kosa. Gia tatu hushiriki: ndogo ya krenki ina meno 25, ya kamshafti ina 50, na ile ya katikati ina 47, ambayo waliichagua makusudi ili jino moja lisikutane na jino lile lile kila mara na kuchakaa upande mmoja. Matokeo ni kwamba alama za gia hizo, zikisha kupangwa sawa na krenki kuzungushwa, hazikutani tena mpaka krenki izunguke mara 94. Mtu aliyefungua kifuniko baadaye na kuona alama zimeachana akadhani kwamba amepanga vibaya, akatoa gia zilizokuwa sahihi na kuzipanga upya akiwa na wasiwasi, huenda sasa ndipo akakosea jino moja. Ilhali angalipima tu ni wakati gani valvu zinafunguka kulinganisha na pistoni, angalipata yakini bila kugusa gia.

Nimeacha oili hadi sasa kwa sababu ila zake haziizuii injini kuwaka, na hilo ndilo linalozifanya ziwe za kuogopwa kuliko zote. Injini hii haihifadhi oili chini yake. Oili hukaa katika tangi, pampu ya mabomba mawili huisukuma kwenda katika krenki, na bomba la pili, lililo kubwa kuliko la kwanza, huirudisha tangini ili chini pasijae. Fundi mwangalifu, baada ya kuwasha injini aliyoifufua, hufungua kifuniko cha tangi na kuona oili ikirudi kwa kutemwa temwa pamoja na hewa, kisha hufungua kifuniko cha roka na kuona oili imefika juu, akamshukuru Mwenyezi Mungu na kufunga. Lakini ushahidi wake haukutosha. Katika Triumph hizi oili ya roka hutolewa katika njia ya kurudi, si katika njia ya kwenda. Kwa hiyo roka zaweza kulowa vizuri ilhali beringi za konrodi, ambazo ndizo zinazobeba mzigo wote, hazipati presha ya kuzilinda. Kurudi kwa oili kwathibitisha kwamba pampu inafanya kazi na kwamba oili imepita mahali fulani ndani ya injini. Hakuthibitishi kwamba imepita mahali ilipotakiwa.

Mahali inapopotea aghalabu ni sili moja ndogo ndani ya kifuniko cha upande wa taimingi, inayoikumbatia ncha ya krenki pale oili inapoingia. Sili hiyo ikiwekwa kinyume, au mdomo wake ukikunjika kifuniko kinaporudishwa, presha humwagika ndani ya chumba cha gia na kurudi tangini kwa amani, wala hapana dalili ya nje itakayomwonya mwenye pikipiki mpaka konrodi ianze kugonga. Kwa hiyo siridhiki na injini yoyote ya namna hii iliyofufuliwa isiyopata kufungiwa geji ya presha, walau kwa muda. Oili ikiwa moto, geji yatakiwa ionyeshe ratili 65 hadi 80 kwa inchi ya mraba katika mwendo wa kawaida, na 20 hadi 25 injini ikizunguka polepole. Ikionyesha presha njema wakati wa baridi na kuanguka kabisa wakati wa joto, sili, vali ya kupunguza presha na nafasi ya beringi za konrodi ndizo za kudadisiwa, kwa mfuatano huo, kwa sababu mbili za kwanza hufikiwa bila kuipasua injini.

Ndani ya krenki yenyewe mna bomba la kunasia taka, ambamo nguvu ya mzunguko huzitupa chembe zilizomo katika oili na kuzikusanya kama matope magumu. Huzibwa kwa skrubu iliyogongwa ili isilegee, na kuifungua ni kazi ya taabu, basi wako wanaofufua injini nzima wakaliacha bomba hilo kama lilivyo. Oili za leo zina dawa za kusafisha ambazo oili za miaka ile hazikuwa nazo; huyalainisha matope ya miaka 40, nayo huondoka na kwenda kuziba njia za beringi mpya. Anayenunua injini na kuambiwa kwamba imefufuliwa kikamilifu aulize swali hili kabla ya mengine: je, bomba la krenki lilifunguliwa?

Moshi wa buluu huwatisha watu kuliko unavyostahili. Pikipiki iliyosimama wiki kadhaa huivujisha oili kutoka tangini, ikapita katika vali za pampu hadi chini ya krenki, na inapowashwa huitoa kwa wingu kubwa kwa dakika moja au mbili kisha ikatakata. Hilo si ila ya pistoni, na huhakikishwa kwa kumwaga na kupima oili ya chini kabla ya kuwasha. Moshi unaotoka mkono wa mafuta unapofungwa katika mteremko huashiria njia za valvu. Moshi unaotoka injini inapovuta mzigo huashiria ringi, na katika injini mpya lazima kuuliza ilivyoendeshwa, kwani ringi hukaa kwa kusukumwa na nguvu ya moto dhidi ya ukuta wa silinda uliokwaruzwa kwa makusudi. Injini iliyoachwa izunguke polepole karakanani saa nzima ili isiumizwe, kwa huruma iliyopotoka, huung'arisha ukuta huo kabla ringi hazijakaa, na tangu hapo italamba oili hadi silinda ikwaruzwe tena. Naona ni bora mno kuitoa barabarani mapema, kuivutisha kwa kiasi katika vilima vifupi na kuipa nafasi ya kupoa, kuliko kuibembeleza.

Petroli nayo haiko kama ilivyokuwa. Injini hizi ziliundwa kwa petroli yenye risasi, iliyoondolewa katika vituo vya Uingereza kuanzia mwaka 2000 na katika nchi zetu za Afrika kusini ya Sahara kufikia 2006. Bila risasi viti vya valvu hukosa kinga, na pengo la valvu ya kutolea linalopungua kila baada ya safari chache, hata likirekebishwa, ni alama kwamba kiti chake kinaliwa na valvu inazama. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya Uingereza imetiwa hadi asilimia 10 ya spiriti, ambayo hulainisha mipira ya zamani na kuyala matangi ya faibaglasi, na utando unaotoka humo huishia katika lile tundu lisilofika nusu milimita nililolitaja. Hivyo kabureta iliyosafishwa vizuri huweza kuziba mara ya pili na ya tatu, na lawama ikaangukia kabureta ilhali chanzo ni tangi.

Wakati wa kuifungua injini upo, na unapofika hautakiwi kuahirishwa. Oili iliyomwagwa ikionyesha vumbi la chuma laini cha kijivu kinachong'aa, au presha ya joto ikikaa chini baada ya sili na vali kubadilishwa, au hewa ya kompresa ikizidi kupita katika ringi baada ya kilomita mia kadhaa za mwendo wa haki, hapo kuendelea kuiendesha ni kuiua. Na hata hapo kazi huanza kwa kuandika: nafasi ya kila tapeti, presha ya mwisho iliyopimwa, upande wenye moshi, rangi ya plagi zote mbili zikiwa bado na alama za kulia na kushoto, kisha, pistoni zikiwa kilele, mistari mipya ichorwe kwa rangi juu ya gia tatu za taimingi kama zilivyo wakati huo, alama za kiwanda zikiwa zimekutana au hazikukutana, ili mkono wa pili utakaozirudisha usilazimike kuhesabu mizunguko 94.